Simu ilisema ni bakajani, nimepulizia mara tatu, nyanya bado zinanyauka

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Maji ya Chai. Msimu huu nimekodi nusu ekari Ngarenanyuki, nimepanda nyanya. Wiki ya sita baada ya kuhamishia miche shambani zikaanza kunyauka. Nikapiga picha ya jani, programu ya simu ikasema ni bakajani chelewa, uhakika asilimia 96. Nikauliza na ile akili mnemba ya kuchati, nikaiambia nina bakajani, ikakubali na kunipa jina la dawa na kipimo. Nimepulizia mara tatu, zinazidi kulala. Kinachoniumiza ni kwamba bwana shamba wa kata ya jirani anatumia programu hizohizo na zinamsaidia. Chombo ni kimoja, kwa nini yeye afaidike na mimi niumie? Na je, niachane nazo kabisa?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Umeuliza mambo mawili, la shamba na la simu. Naanza na la shamba kwa sababu halisubiri.

Kesho asubuhi chagua mche ulioanza kulala jana au juzi. Uliokwisha kukauka hautatuambia kitu. Kata shina karibu na ardhi, chukua kipande cha urefu wa kidole, ukipanguse udongo. Jaza maji safi kwenye glasi ya kioo, kisha shikilia kipande hicho wima, ncha iliyokatwa ikizama kidogo tu, na usitikise. Subiri kama dakika tano. Ukiona uzi mwembamba mweupe, wa rangi ya maziwa, ukitoka kwenye shina na kushuka taratibu kuelekea chini ya glasi, hao ni bakteria wanamiminika kutoka kwenye mishipa ya mmea, na ugonjwa wako ni mnyauko bakteria. Usipouona, ng'oa mche mwingine na mizizi yake. Mizizi ikiwa na vinundu, fikiria minyoo fundo. Mizizi ikiwa safi, pasua shina kwa urefu: ukikuta mistari ya kahawia ndani, na majani ya chini yalianza kwa kugeuka njano, huenda ni mnyauko fusari.

Nimefika huko kwa sababu ya maneno yako mwenyewe. Umesema zinanyauka, ukasema zinalala, na hujataja doa hata mara moja. Bakajani chelewa, ambao ni ugonjwa wa jamii ya ukungu, huunguza. Huanza na madoa yanayoonekana kama yameloweshwa maji, yakageuka kahawia au meusi, na asubuhi yenye umande ukigeuza jani unakuta utando mweupe pembezoni mwa doa. Mche wenye bakajani huungua kwanza. Mche unaolala ukiwa bado wa kijani, unalegea mchana na kuinuka kidogo usiku, halafu siku moja hauinuki tena, huo shida yake iko kwenye njia ya maji ndani ya shina. Dawa ya ukungu, hata ikiwa halisi na umeipima vizuri, haimgusi bakteria aliyeko humo. Kwa hiyo pakiti ya nne usinunue mpaka glasi itoe jibu.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, maana halihusu nyanya peke yake.

Uliipa programu jani, nayo ikajibu kuhusu jani. Huenda hata haikukosea: Ngarenanyuki wakati wa baridi na ukungu nyanya hazikosi bakajani kidogo. Kilichoenda kombo kilianza kabla ya picha, pale ulipochagua cha kupiga. Yule bwana shamba anapoingia shambani hashiki jani kwanza. Anasimama pembeni anatazama eneo zima. Miche iliyolala imetawanyika, au imefuatana na mfereji? Imeanzia bondeni maji yanakotuama? Msimu uliopita palikuwa na nini? Ukimjibu viazi mviringo, bilinganya au nyanya, tayari ameshashuku kitu, kwa sababu mazao hayo ni ukoo mmoja na bakteria huyu anayapenda yote. Anauliza maji yanapita shamba la nani kabla ya kufika kwako, na huyo jirani wa juu nyanya zake zikoje. Akimaliza hayo ndipo anatoa simu, na wakati huo anachopiga picha tayari ni nusu ya jibu. Programu inamsaidia kuthibitisha, au inamkumbusha jambo alilosahau. Wewe uliitaka ifanye kazi yote, pamoja na ile isiyoweza kabisa kuifanya, yaani kujua kitu gani shambani mwako kinastahili kutazamwa.

Ndiyo maana nasema chombo ni kimoja lakini mnakipa vitu viwili tofauti. Na hili hulioni ukiwa ndani yake, kwa sababu jibu linakuja kwa lugha ileile ya uhakika iwe umekipa jani sahihi au jani lisilohusika.

Nikueleze kidogo programu za picha zinavyofundishwa, maana ukishajua hili hutaitazama tena ile asilimia 96 kwa macho yaleyale. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kazi iliyofungua njia kwa programu nyingi za aina hii. Walitumia mkusanyo wa picha uitwao PlantVillage: picha 54,306 za majani, mazao 14, magonjwa 26. Kompyuta ilifundishwa kwa sehemu ya picha hizo na kujaribiwa kwa zilizobaki, ikapatia asilimia 99.35. Hiyo ndiyo namba iliyosafiri. Lakini andiko hilohilo linasema kwamba kompyuta ilipojaribiwa kwa picha zilizopigwa kwingine, katika mazingira mengine, ilishuka hadi juu kidogo ya asilimia 31. Picha za mkusanyo ule zilikuwa za jani moja moja, limechumwa, limelazwa juu ya kitu cha rangi moja, kwenye mwanga mzuri. Shamba haliko hivyo. Shambani jani lina vumbi, lina mabaki ya dawa ya juzi, nyuma yake kuna majani mengine kumi, na kivuli cha mkono wako kimeangukia katikati.

Mwaka 2022 mtafiti mwingine akaenda mbali zaidi. Alichukua nukta nane tu za rangi kutoka kila picha ya mkusanyo huo, zote za nyuma ya jani, hakuna hata moja ya jani lenyewe, akaifundisha kompyuta kwa hizo peke yake. Ikapatia asilimia 49, wakati kubahatisha kungeipa 2.6. Hebu lifikirie hilo, Mwalimu. Kompyuta haijaona jani kabisa na inapatia karibu nusu, kwa sababu namna picha zilivyopigwa, mahali na mwanga wake, vilikuwa vinasema jina la ugonjwa kabla ya jani kusema. Kwa hiyo sehemu ya ule ujuzi wa 99 ilikuwa ujuzi wa kitu kilicho chini ya jani.

Kuna la tatu, na hili linakugusa moja kwa moja. Katika matatizo ya nyanya yaliyomo kwenye mkusanyo ule, bakajani zote mbili, wahi na chelewa, zimo, virusi vya kukunja majani vimo, utitiri umo. Mnyauko bakteria haumo. Kantangaze, yule mdudu ambaye kiwavi wake hula majani ya nyanya, hayumo. Programu iliyofundishwa kwa picha hizo peke yake haiwezi kukupa jawabu sahihi hata ukipiga picha nzuri namna gani, kwa sababu jawabu hilo halimo kwenye orodha yake. Itachagua lililo karibu. Na ile asilimia 96 ni kipimo cha namna inavyolipenda jibu moja kuliko mengine inayoyajua. Haipimi uwezekano kwamba shamba lako lina kitu isichokijua. Sijui programu yako ilifundishwa kwa nini, na wengi wa wanaoziuza hawasemi, lakini swali la kwanza la kuuliza kuhusu programu yoyote ya aina hii ni orodha yake ina nini. Kahawa na migomba navyo havikuwemo katika yale mazao 14, ndiyo maana mkulima wa Machame au Marangu anayeelekeza simu kwenye jani la mgomba anapaswa kujua kwanza kama chombo chake kimewahi kuuona mgomba.

Kantangaze ni mfano mzuri kwa sababu ni mgeni. Asili yake Amerika ya Kusini, na hapa nchini alitambuliwa mwaka 2014, huku kwetu Arumeru. Kiwavi wake anakula katikati ya jani, anaacha ngozi ya juu na ya chini, doa linabaki kama kidirisha. Kutoka mbali, au kwenye picha ya simu iliyopigwa haraka, hilo doa likishakauka linafanana na kuungua kwa bakajani. Ukilishika jani na kulielekeza juani unaona tofauti mara moja: ndani ya kidirisha kuna vinyesi vidogo vyeusi, na ukibahatika unamwona kiwavi mwenyewe anajisogeza. Hakuna ujuzi mkubwa hapo. Ni kujua tu kwamba jani linapaswa kuinuliwa juani. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Tengeru wamefundisha kompyuta kumtambua mdudu huyu kwa picha za nyanya zilizopigwa kwenye mashamba ya hapa nchini, na hiyo ndiyo kazi ninayoitamani zaidi kuliko programu kumi zinazodai kujua mazao yote duniani.

Nisizionee, lakini. Kuna programu iitwayo Nuru, ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, iliyotengenezwa kwa ajili ya mihogo, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti. Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2020 Nuru ilipatia dalili kwa asilimia 65. Maofisa ugani walipatia kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Yaani kwenye kutazama jani la muhogo, chombo kiliwashinda watu wa kada yangu. Siyaoni matokeo hayo kama aibu. Kazi ni nyembamba, picha zake zilitoka kwenye mashamba ya aina ileile itakakotumika, na watengenezaji walijua itakwenda kwa nani. Na kuna jambo jingine katika tathmini hiyo ambalo ningependa ulichukue: walipotumia majani sita ya mmea badala ya moja, usahihi ulipanda hadi kati ya 74 na 88. Jani moja ni ushahidi mdogo mno, hata kwa chombo kizuri.

Sasa ile akili mnemba ya kuchati. Hii inaonekana tofauti kwa sababu unaweza kuieleza, lakini shida ni ileile, imehama tu kutoka kwenye picha kwenda kwenye maneno. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya jaribio la watu 1,298 nchini Uingereza. Halikuwa la kilimo, lilikuwa la afya. Washiriki walipewa visa vya wagonjwa vilivyoandaliwa na madaktari, wakatakiwa kusema mgonjwa ana tatizo gani na aende wapi. Akili mnemba ilipopewa kisa kizima peke yake ilitaja tatizo linalohusika katika asilimia 94.9 ya visa. Watu wa kawaida walipotumia akili mnemba hiyohiyo kuwasaidia, walipatia chini ya asilimia 34.5, na hawakuwazidi wale waliotumia njia zao za kawaida nyumbani. Ujuzi ulikuwemo ndani ya chombo, lakini haukuwafikia. Watu waliandika baadhi tu ya dalili, wakaacha zile ambazo hawakujua kama zina maana. Na chombo kilipotaja mambo kadhaa, likiwemo la kweli, hawakujua lipi la kushika.

Ukiniuliza mimi, jaribio hilo ndilo jibu la swali lako. Ujuzi kuwa ndani ya chombo ni jambo moja, na mtu asiye wa fani kuutoa humo ni jambo jingine. Mtu akija ofisini akaniambia nyanya zinaungua, sijui bado anazungumzia nini. Inaweza kuwa bakajani, kantangaze, utitiri, chumvi ya maji, au bomba lililotumika wiki iliyopita kupulizia dawa ya magugu halikusafishwa. Kazi yangu ya kwanza ni kumuuliza maswali mpaka hayo matano yabaki mawili. Akili mnemba ya kuchati mara nyingi haiulizi. Inalipokea neno kama lilivyo, inajibu kwa aya nne nzuri.

Wewe uliiambia una bakajani. Hapo ulifunga mlango. Vyombo hivi vina tabia inayojulikana ya kumfuata muulizaji: ukija na jibu mfukoni, vinakurudishia jibu lako likiwa limevaa vizuri zaidi. Kwa hiyo usihesabu kwamba ulipata maoni mawili yanayokubaliana. Ulipata moja, la pili lilikuwa mwangwi wake.

Mimi nazitumia, Mwalimu, tena karibu kila siku. Naziomba zinifupishie lebo ndefu, zinikumbushe dawa fulani iko kundi gani, zinipangie ratiba. Majuzi niliiomba moja inipangie mzunguko wa dawa dhidi ya kantangaze, maana mdudu huyu huzoea dawa haraka na lazima ubadilishe. Ikaniletea jedwali safi: mwanzo klorantraniliproli, wiki mbili baadaye flubendiamidi, na ikaandika kwamba huo ni mzunguko mzuri wa kuzuia usugu. Majina mawili, makopo mawili, labda na maduka mawili. Lakini dawa hizo zote ni kundi moja, namba 28 katika mpangilio wa kimataifa wa dawa za wadudu, na zinamshambulia mdudu mahali palepale. Anayezipokezanisha habadilishi chochote. Usugu wa kantangaze dhidi ya kundi hilo uliripotiwa Italia tangu 2015. Mimi nililiona kosa kabla sijamaliza kusoma mstari, nikalirekebisha, na sehemu nyingine za jedwali zikanifaa sana. Sasa fikiria jedwali hilohilo mikononi mwa mtu ambaye kazi yake ni kufundisha darasa la nne. Lina safu, lina tarehe, lina maelezo ya kisayansi. Angeanzia wapi kulishuku?

Yule bwana shamba anafaidi kwa sababu ana cha kulipimia jibu. Anakula nyama na kutupa mfupa. Asiye wa fani anamezeshwa vyote kwa pamoja, na hapo sijui namna ya kulisema kwa upole zaidi: vyombo hivi, kama vilivyo leo, vinamsaidia zaidi anayejua na vinamhatarisha zaidi asiyejua, wakati matangazo yake yanamlenga huyo asiyejua.

Kuhusu kipimo ulichopewa, hapa nitakuwa mkali kidogo. Usichukue kamwe kipimo cha kiuatilifu kutoka kwenye akili mnemba. Maandishi iliyosoma yametoka nchi nyingi, na nchi nyingi zinaandika kwa hektari. Hektari moja ni karibu ekari mbili na nusu. Namba ya hektari ikiangukia kwenye ekari umemwaga dawa mara mbili na nusu, na ikirudi upande mwingine umempa mdudu chanjo. Bomba nalo lina ujazo tofauti, lako na la jirani huenda si sawa. Kisha kuna ruhusa. Hapa nchini viuatilifu vinasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake ni hapahapa Arusha, Ngaramtoni. Dawa iliyosifiwa na chombo inaweza kuwa haijasajiliwa hapa, au imesajiliwa kwa zao jingine. Hata mankozebu, dawa ya ukungu ambayo kila duka la pembejeo kuanzia Usa River hadi Himo linayo, Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutoendelea kuiidhinisha. Ukiiuliza akili mnemba, inaweza kukujibu kwa sheria ya Ulaya au ya Marekani bila kukuambia imesimama wapi. Kwa anayeuza nyanya soko la Kilombero pale Arusha mjini hilo halimgusi sana, lakini kwa anayelima maharage machanga ya kupeleka nje ni suala la mzigo kurudishwa.

Lebo iliyobandikwa kwenye kopo la dawa iliyosajiliwa, yenye Kiswahili, ndiyo inayokuhusu: kipimo, kiwango cha maji, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hizo siku za kusubiri zinahusu watoto wa watu watakaokula kachumbari. Naomba sana zisirukwe.

Na kuna mambo ambayo hayataonekana kwenye picha hata kamera iwe bora kiasi gani. Maji ya mito inayoshuka kutoka Mlima Meru yana floridi na magadi. Sisi wa huku tunayajua kwa meno yetu. Baadhi ya viuatilifu huvunjika haraka vikichanganywa na maji yenye magadi mengi, unapulizia asubuhi kitu ambacho nguvu yake imeshapungua ndani ya bomba. Vikaratasi vya kupima pH, yaani kiwango cha uchachu au magadi ya maji, vinapatikana na si ghali. Mtu wa Ngarenanyuki anapaswa kupima maji yake kabla ya kuilaumu dawa. Sijawahi kuona programu ya picha ikimuuliza mkulima maji yake yanatoka wapi.

Uliuliza kama uachane nazo. Usiache. Maofisa ugani hatutoshi, na kuna siku simu ndiyo msaada pekee ulio karibu. Ila badilisha unachokiomba. Usiulize hii ni nini na nipulizie nini. Ieleze shamba lote: zao, umri, eneo, palipandwa nini kabla, maji yanatoka wapi, kilianza upande gani, saa ngapi zinalala, umeshapulizia nini. Usitaje jina la ugonjwa hata kama unalo kichwani. Halafu iambie: kabla hujajibu, niulize maswali unayohitaji. Ikishajibu, iombe ikutajie mambo matatu yanayoweza kuleta hali hii na, kwa kila moja, ni dalili gani nikienda shambani nikaikuta itaonyesha kwamba siyo hilo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Inakupa kitu cha kwenda kukitazama kwa macho yako, na jibu linatoka kwenye shamba badala ya kwenye kioo cha simu. Ukiiuliza hivyo kuhusu nyanya zinazolala zikiwa kijani, nina matumaini makubwa kwamba jaribio la glasi litakuwemo, kwa sababu limeandikwa sana vitabuni. Lilikuwemo humo muda wote.

Picha nazo, piga ya shamba zima kutoka pembeni, ya mche mzima, majani sita juu na chini, shina lililokatwa, mizizi iliyooshwa. Hizo ndizo picha ambazo hata mimi ningekuomba.

Na kabla ya kutenda, jiulize kosa likitokea litagharimu nini. Kama ni kuongeza matandazo, kubadilisha saa ya kumwagilia, kukata jani na kulitazama juani, fuata simu ukipenda, hutapoteza kitu. Kama ni kununua dawa, kung'oa mimea, au kuchanganya sumu utakayoivuta puani, hapo tafuta mtu. Bwana shamba wa kata yako, TPHPA Ngaramtoni, au wenzetu wa utafiti wa mboga na matunda pale Tengeru. Ukipeleka sampuli, chukua mche mzima unaoanza kuugua, na mizizi na udongo wake kidogo, ufunge kwenye gazeti. Ukiufunga kwenye mfuko wa nailoni utafika umeoza, na hakuna atakayeweza kusoma kitu.

Turudi shambani. Glasi ikionyesha ule uzi mweupe, miche iliyolala haitapona. Ing'oe na mizizi, iweke kwenye mfuko papo hapo usiiburute, ukaichome mbali na shamba. Usiitupe kwenye mfereji, maana maji yatawapelekea ugonjwa walio chini yako. Sehemu iliyoathirika usiipitishie maji yanayoendelea hadi upande mzima. Zungumza na mgawa maji, zamu yako ianzie upande mzima na kuishia upande mgonjwa. Palizi ifanyike kwa uangalifu, kwa sababu jembe linajeruhi mizizi na bakteria anaingilia hapo hapo. Msimu ujao pale usirudishe nyanya, viazi, bilinganya wala pilipili. Weka mahindi au vitunguu, na si kwa msimu mmoja tu, kwani bakteria huyu hukaa udongoni miaka. Kama ni lazima urudi kwenye nyanya, waulize Kituo cha Mboga Duniani, kilichopo hukohuko Tengeru, kuhusu kubebesha nyanya juu ya shina la bilinganya linalovumilia mnyauko. Na kwa sababu umekodi, mwambie mwenye shamba ulichokikuta kabla hajamkodisha mwingine wa nyanya.

Glasi isipoonyesha kitu, niandikie tena na hizo picha nilizotaja, pamoja na jina la kilichopandwa hapo msimu uliopita.